Mwito wa Abuya Guyo

Jumatatu, 4 Agosti

Stima imepotea tena asubuhi. Betri ya kompyuta ikanivumilia mpaka adhuhuri, ikazima nikiwa katikati ya besi. Sikutukana kwa sababu Mama alikuwa uani anaanika nguo.

Hapa Kiwanjani, Isiolo, kila mtu ana jina lake la kazi yangu. Jirani anasema natengeneza redio. Mama akiulizwa husema niko kwa mambo ya kompyuta, halafu anauliza habari za watoto wa watu. Mimi ni prodyusa. Natengeneza muziki bila ngoma wala gitaa, kwa sauti za kuokota: jenereta ya buchari, mabati yakilia juani, pampu ya kisima, kwato za mbuzi soko la Oldonyiro. Nakata, navuta, napindua. Miaka yote nimecheza Nairobi kwenye vyumba vya watu wachache, nusu yao wakiangalia simu. Sasa lebo moja ya muziki ya Ujerumani inataka albamu nzima. Itatoka Oktoba. Halafu nizunguke nayo miji ya huko.

Wimbo unaobeba albamu ni ule wa Abuya, mjomba wangu. Ukiutoa huo nabaki na kelele.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeumaliza. Wallahi nimeumaliza.

Niuandike hapa jinsi ulivyo kabla sijauzoea. Abuya Guyo ni kaka yake Mama. Anakaa Korbesa na ngamia wake, hajawahi kutaka kukaa mjini. Kule kila boma lina mwito wake wa kuita ngamia waje kunywa. Wa Abuya ni mluzi mfupi, kisha sauti ndefu ya kooni inayoshuka polepole, kisha ulimi unagonga juu ya kinywa. Alipewa na baba yake, naye alipewa na wake. Ndama huanza kuusikia akiwa bado ananyonya. Ukisikika, maji yapo. Haijawahi kuwa vingine.

Nilimrekodi mwaka jana. Alikubali haraka, akacheka, akaniuliza kama Wajerumani nao wana ngamia. Kwenye wimbo nimeuacha mtupu kwanza, bila kuugusa. Halafu nauzidisha mpaka mtu mmoja anakuwa bonde zima la watu. Hanna, yule mama wa lebo, ameniandikia kwamba amelia. Nafurahi mpaka naona aibu. Acha nijisifu, nani anasoma hapa.

Nimeweka kipande kidogo mtandaoni, mwito wenyewe tu. Watu wa Merti wameanza kutumiana. Mmoja ameandika eti kiu imemshika.

Jumamosi, 9 Agosti

Korbesa. Nimekuja na pikapu ya unga, spika nimeifunga kwa kamba katikati ya magunia. Mgongo si wangu tena.

Kiangazi kimekaza. Nyasi hakuna, miti imebaki miiba. Abuya amekonda, goti la kushoto limeanza kumsumbua, lakini mdomo ni ule ule. Salamu zilichukua nusu saa. Ngamia, mvua, Mama, mvua tena. Halafu akaniuliza kama nimeolewa na hiyo mashine.

Nilimvalisha hedifoni. Alifunga macho. Mwito ulipoingia midomo yake ilitembea bila sauti. Ukaisha, akasema tena. Ukaisha tena, akazivua, akasema si haki asikie peke yake. Kesho kisimani wazee wapo. Nao wasikie.

Nimecheza mbele ya watu wanaoandika magazetini. Sijawahi kupata sifa iliyoniingia kama hiyo.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike tu.

Kisimani watu hunywesha kwa zamu. Anayeilinda zamu anaitwa aba herega, na wakati huu ni mzee Jarso. Mifugo hungojea mbali, kila boma upande wake, na mwenyewe haiti mpaka Jarso aseme. Zamu ilikuwa ya ng'ombe wa Galgalo. Ngamia wa Abuya walikuwa ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, wangoje mpaka baada ya alasiri.

Niliweka spika juu ya boneti ya pikapu. Wazee wakakaa kwa viti vyao. Nikaongeza sauti, nilitaka wasikie besi kifuani.

Hakuna aliyefikiria. Si mimi, si wazee, si Abuya mwenyewe aliyekua na huo mwito mdomoni. Hili ndilo linaniuma. Kwetu sote ulikuwa umeshageuka muziki.

Kwanza vumbi ng'ambo ya laga. Halafu Dima, ngamia jike anayeongoza, shingo mbele, na wengine wote nyuma yake. Hawakuja kwa kutembea. Ng'ombe wakatawanyika. Birika la udongo la kunyweshea likapasuka, maji waliyoyachota tangu alfajiri yakaingia mchangani. Ndama wa Galgalo alikanyagwa, mguu ukavunjika mara mbili, wakamchinja hapo hapo. Na spika inaendelea. Wimbo ulikuwa umefika pale ninapouzidisha mwito. Wanaume wanapiga kelele, na Abuya wangu mia wanaendelea kuita ngamia.

Nilizima. Nilichelewa sana kuzima.

Ngamia walizunguka lile birika lililovunjika. Hapakuwa na maji, na hata yangekuwepo zamu haikuwa yao. Dima alimwangalia Abuya, akangoja. Wanaume wakawafukuza kwa fimbo warudi walikotoka na kiu yao. Abuya naye alimpiga Dima. Sijawahi kumwona akimpiga.

Jumatatu, 11 Agosti

Wazee wamekaa leo. Nilikaa nyuma na wanawake.

Abuya atamlipa Galgalo ndama. Na ngamia wake watakunywa wa mwisho mpaka mvua ije. Wa mwisho, kiangazi hiki, maana yake ni tope. Jarso alisema yote hayo kwa upole kabisa. Afadhali angefoka. Abuya alijibu ni haki. Jina langu hakulitaja hata mara moja.

Mwishoni Jarso aliniita. Akaniuliza ile sauti iko kwa mashine yangu tu, au iko pengine. Nikasema kwa mashine tu. Nilikuwa nimeshafika kwenye pikapu nilipokumbuka kile kipande mtandaoni. Sikurudi kumwambia.

Jumamosi, 16 Agosti

Isiolo. Kipande nimekitoa siku ile ile niliyopata mtandao. Kazi bure. Watu walishakihifadhi kwenye simu. Vijana wa boda wa Merti wamekifanya mlio wa simu.

Mama kaongea na mke wa Abuya. Anasema simu ikilia barabarani, ngamia wanaacha kula wanainua shingo. Wengine wanatoka mbio. Wanafika, wanakuta bodaboda na abiria wake. Watu wanacheka sana. Kuna jamaa anafanya makusudi, anapita na pikipiki anacheza mwito ili aone wakimfuata.

Mama alinisimulia haya akichagua mchele. Hakuniangalia.

Jumatano, 20 Agosti

Hanna ametuma picha ya jalada la albamu. Ni nzuri sana. Nimefunga kompyuta nikaenda kununua mkaa.

Alhamisi, 28 Agosti

Hawaji tena.

Dima ndiye aliyeanza. Abuya alisimama mahali pake pa siku zote akaita, naye akaendelea kutafuna. Akaita tena. Siku mbili baadaye ni kundi zima. Kwao mwito sasa ni kitu kinachosema maji halafu maji hayapo. Wana haki. Mimi nikiitwa kula mara kumi nisikute sahani, nitaitika mara ya kumi na moja?

Kwa hiyo Abuya anawafuata kwa miguu. Kila siku, porini, na lile goti. Akichelewa kuwakusanya, zamu yake ya mwisho inampita, nao wanalala na kiu.

Nimejaribu kufanya kazi. Kila nikigusa kompyuta naona vumbi.

Ijumaa, 5 Septemba

Nilikuwa na akili moja ya kijinga, sasa sina hata hiyo.

Nilisema nitauharibu mwito ndani ya wimbo mpaka usitambulike. Nikaushusha, nikaugeuza nyuma mbele, nikaupitisha kwenye sauti za chuma na maji. Siku kadhaa, kula kwa shida. Mwishowe mimi mwenyewe sikuutambua. Nikafurahi. Albamu imepona, na hakuna ngamia duniani atakayejua. Nikautuma kwa simu ya Abuya, nikamwomba amchezee Dima, tuwe na hakika.

Amenipigia jioni hii. Kacheza akiwa amesimama karibu naye. Dima aliinua kichwa, akainusa simu, akamwangalia usoni. Halafu akageuka akampa mgongo.

"Alijua ni mimi," Abuya akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatoa habari tu.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeongea na Hanna, video inakatika katika. Nilimweleza yote kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza ilisikika kama kichekesho. Alisikiliza vizuri, sitamsingizia. Halafu akasema wanaonunua albamu wako Berlin na London, hawana ngamia.

Ni kweli hawana. Nikakaribia kukubali. Naapa nilikaribia. Niliona jukwaa, taa, jina langu kwenye bango. Nimekingoja hicho kitu tangu nikiwa msichana wa kurekodi mvua kwa simu ya Mama.

Lakini kitu kikitoka Berlin asubuhi, adhuhuri kiko Korbesa. Hilo najua kuliko yeye. Na safari hii hakitakuwa kipande.

Nikamwambia anipe siku chache. Mwoga mimi.

Jumapili, 14 Septemba

Abuya hakurudi jana.

Mke wake alipiga simu baada ya alfajiri. Alitoka jana mchana kuwatafuta ngamia, na giza likaingia hajaonekana. Wanaume waliingia porini na tochi. Mama alivaa viatu akakaa navyo kwenye kiti, kama mtu anayesubiri gari, na gari lenyewe hakuna. Mimi nikakaa mlangoni.

Wamempata karibu saa sita. Alikuwa amekaa kando ya laga, goti limevimba kama kibuyu, hawezi kusimama. Ngamia walikuwa ng'ambo tu, anawaona. Ameita mpaka sauti ikamtoka. Fisi walichukua ndama mbele ya macho yake; mama wa ndama angeuitikia mwito, wote wawili wangekuwa kando ya Abuya. Yuko hai. Alhamdulillahi, yuko hai.

Mama alipokata simu alivua viatu. Halafu akasema, "Hiyo kazi yako imekula sauti ya ndugu yangu."

Akaenda jikoni. Chakula kilipoiva hakuniita.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemwandikia Hanna autoe wimbo wa Abuya. Wote. Usibaki hata mpigo.

Jumatano, 17 Septemba

Jibu limekuja. Ni refu na la adabu. Bila wimbo huo hawaoni albamu. Wanasimamisha. Safari nayo basi. Ananitakia heri, na mlango uko wazi siku nyingine. Nimeshaona milango ya namna hiyo.

Nimefuta faili. Ya wimbo, ya mwito mtupu, ya majaribio, kila nakala niliyojua iko wapi. Nilidhani nitajisikia msafi. Najisikia mtu aliyevunja sahani ili aonyeshe kwamba hana njaa. Zile za kwenye simu za watu siwezi kuzifuta, ndizo zilizoleta haya yote.

Jumamosi, 20 Septemba

Nina hasira. Na Hanna, na vijana wa boda, na Jarso na upole wake, na Dima. Ndiyo, na ngamia. Hasira zaidi ni kwamba ule wimbo ulikuwa mzuri. Hakuna mtu nitakayemwambia hivyo. Ulikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyofanya, na sidhani nitafanya kingine kama hicho. Nimelia bafuni nimefungulia bomba, halafu nikakumbuka maji, nikafunga bomba, nikalia kimya.

Jumatano, 24 Septemba

Mama ameniletea chai chumbani. Akaangalia zile nyaya na spika, akauliza hii nayo ya nini, na hii. Nikamwambia. Hajawahi kuuliza. Akasema Abuya amenitaka Korbesa, hakusema kwa nini. Akanifungia sukari na majani ya chai ya kupeleka.

Jumamosi, 27 Septemba

Korbesa. Safari hii mikono mitupu, ila sukari na majani ya Mama na mfuko wa chumvi ya mifugo. Kinasa sauti kiko Kiwanjani.

Abuya anatembea na fimbo. Sauti imerudi, ina mkwaruzo. Nilianza kuomba msamaha, nilikuwa nimeupanga njia nzima, akanikatiza akauliza habari za barabara. Baada ya chai ndipo akaniambia. Anatunga mwito mwingine.

Sikujua kwamba jambo hilo lipo. Yeye naye hajawahi kuliona, amewahi kulisikia tu, boma fulani zamani, baada ya wezi wa mifugo kuujua mwito wao. Unautunga, halafu huutoi kinywani ila una maji mkononi. Unaanza na anayeongoza. Birika dogo, mbali na watu, chumvi kidogo, siku baada ya siku. Mara moja tu ukiita bila maji umeharibu. Jarso amempa ruhusa achote kidogo kabla ya zamu yake, kwa kazi hiyo peke yake. Kwa goti lile hawezi kubeba. Ndiyo maana ameniita. Nibebe.

Nikamuuliza ule wa baba yake.

"Huo umekwisha," akasema. Akatazama upande wa laga muda mrefu. Halafu akafuta macho kwa ncha ya kikoi, bila kujificha, akamwita mke wake amwongezee chai.

Jumatatu, 29 Septemba

Nabeba. Mtungi mgongoni, kutoka kisimani mpaka kwenye mgunga mmoja ulio peke yake. Mabega yamechubuka. Galgalo alinikuta njiani, nikamwamkia, akaitikia salamu yote mpaka mwisho. Halafu akanisaidia kuinua mtungi.

Wanawake kisimani wananiita prodyusa wa maji. Wacha wanicheke, ni haki yao.

Jumatano, 1 Oktoba

Leo Abuya alikuwa tayari kumjaribu Dima.

Nilimimina maji birikani, nikaweka chumvi kandoni. Dima alikuwa mbali na kundi, anakula mgunga, ametugeuzia ubavu. Nilikaa chini. Abuya hakuanza. Alisimama tu na fimbo yake. Halafu akaniambia, kwa sauti ile anayoniambia nayo nikaribie chakula, niende mbali kidogo. Niende mpaka nisisikie.

Angeweza kuniuliza kama nimebeba mashine. Hakuuliza. Sikumwambia kwamba sikuibeba. Niliinuka, nikakung'uta nguo.

Kazi yangu yote ni kusikia. Sikujua ni vigumu hivi kufika mahali ambapo husikii. Nilitembea, nikasimama, nikamsikia akikohoa. Nikatembea tena. Nikasikia fimbo yake ikigonga ukingo wa birika. Nikazidi kwenda, mpaka kukabaki upepo tu kwenye miiba na pumzi zangu. Hapo nikageuka nikakaa.

Alikuwa mdogo kule, amesimama wima. Akapeleka mkono mdomoni. Dima hakugeuka. Abuya akashusha mkono, akapumzika, akaupeleka tena. Muda ukapita. Jua lilikuwa linanichoma shingoni, nikaliacha.

Halafu Dima akainua kichwa.

Alisimama hivyo muda mrefu. Akapiga hatua, akasimama. Akapiga nyingine. Alienda polepole, hakukimbia kama zamani, na alipofika karibu na birika alimzunguka Abuya kwanza, akamnusa mikono. Kisha akainamisha shingo akanywa.

Sijui anaita vipi sasa. Sitajua. Abuya alibaki ameweka mkono kwenye shingo yake mpaka maji yakaisha. Halafu akanipungia nirudi, kulikuwa na mtungi mwingine wa kubeba.